Mnazi, Ukuta wa Jiwe na Kazi ya Kudumu: Somo la Ardhi ya Mombasa

Majengo, kisiwani Mombasa, mtu anaweza kuwa mwenye nyumba miaka hamsini na asimiliki hata futi moja ya ardhi iliyo chini yake. Alijenga babu, akarithi baba, vyumba vimepangishwa, lakini kodi ya ardhi bado inapelekwa kwa wakala wa mtu ambaye wengi hawajapata kumtia machoni. Wenyewe tunauita mtindo huu nyumba bila ardhi. Hauko Majengo tu. Kisauni, Likoni na Changamwe upo pia. Anayetaka kujua kwa nini mji wenye bandari inayohudumia Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo una watu wanaonunua maji kwa mtungi, aanze hapa, asianze na hotuba za wanasiasa.

Hoja yetu ni moja. Tajiri wa pwani hakuwahi kumkataza maskini kufanya kazi, kulima wala kujenga. Alichomkataza ni kuwa na kitu kinachodumu.

Tuanze na minazi, maana ndiyo ya kwanza. Katika mila za pwani, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Aliyepanda mnazi au mwembe ana haki yake hata kama shamba si lake. Utumwa ulipofutwa kisheria katika Mwambao, yaani ukanda wa pwani, mwaka 1907, fidia ilikwenda kwa mabwana, si kwa watumwa. Waliokuwa watumwa, pamoja na Wamijikenda walioshuka kulima karibu na mji, waliruhusiwa kukaa kwenye mashamba ya watu. Walime mahindi, walime muhogo, walipe sehemu ya mavuno au kazi ya siku kadhaa. Lakini mnazi wasipande. Mahindi huvunwa yakaisha. Mnazi huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba na huendelea kuzaa kwa zaidi ya nusu karne. Mwenye shamba alijua kwamba anayepanda mnazi amepanda haki, kwa hivyo mche uling'olewa ungali mdogo.

Mwaka mmoja baadaye ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908. Mwambao wa maili kumi ulikuwa bado chini ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, na chini ya Mwingereza kwa vitendo tangu 1895. Sheria ile ilimtaka kila mwenye kudai ardhi alete dai lake kwa msajili. Dai lililothibitishwa lilipata hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kifalme. Ukiisoma bila kujua mazingira utaona ni ya haki, mlango wazi kwa kila mtu. Lakini aliyekuwa na karatasi ya kadhi, mtu wa kumwandikia na fedha za kumlipa mpima ardhi ndiye aliyepita. Umiliki wa ukoo, ambao Mgiriama au Mdigo, Wamijikenda hao, aliutambua kwa makaburi na kaya, yaani makao matakatifu ya wazee msituni, haukuwa na nafasi katika fomu. Waliochelewa au wasiosikia waliamka ni maskwota mahali walipozaliwa. Uhuru ulipokaribia, mkataba wa Oktoba 1963 uliiingiza Mwambao ndani ya Kenya, na hati zilizotolewa zikaheshimiwa kama zilivyo. Bendera ilibadilika, daftari la ardhi halikubadilika.

Hata leo ukifanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya Mombasa utakuta kiwanja kinatajwa kwa nambari ya asili, nambari ya kipande kilichokatwa, sehemu kilipo, kwa mfano Bara Kaskazini au Bara Kusini, na nambari ya CR ya masjala ya pwani. Fuata ile nambari ya asili kurudi nyuma, mara nyingi utafika kwenye dai la enzi ya ukoloni. Kazi hiyo tunaipendekeza kwa kila kamati ya mtaa. Huwafungua watu macho haraka kuliko semina.

Sasa nyumba yenyewe. Nyumba ya Majengo ya kawaida ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ushoroba. Mbele kuna baraza, nyuma kuna uani wenye jiko, choo na kisima au pipa la maji. Za mwanzo zilijengwa kwa boriti za mikoko, fito, udongo na mawe madogo, zikaezekwa makuti, baadaye mabati. Mwenye ardhi alikata viwanja kwa mistari, akamruhusu mtu kujenga, akatoza kodi ya ardhi. Mjenzi naye alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Bandari ya Kilindini ilipopata gati zake za maji marefu katika miaka ya 1920, chumba kimoja kililala wanaume kadhaa waliopokezana kitanda kwa zamu.

Kwa hivyo kuna tabaka tatu juu ya kiwanja kimoja: mwenye ardhi, mwenye nyumba, mpangaji. Mpangaji humwona mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi na humchukia yeye. Mwenye ardhi haonekani, na hilo kwake ni faida kubwa. Tumeona mara nyingi mkutano wa mtaa ukivunjika kwa sababu wapangaji na wenye nyumba wanagombana juu ya choo, na hati ya kiwanja hicho hicho inabadilishwa jina mjini bila wao kujua. Hatusemi mwenye nyumba hana kosa. Anayelaza watu wanane kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi anavuna jasho lao. Lakini thamani ya kiwanja haizalishwi na yeyote kati ya hawa watatu peke yake. Inazalishwa na barabara, soko, stima, bandari na watu wote walioujaza mtaa, kisha inaingia mfukoni mwa mmoja.

Kama mnazi ulivyokatazwa shambani, ukuta wa jiwe umekatazwa mjini. Ukitaka kubomoa udongo ujenge kwa matofali, kaunti itataka ramani iliyoidhinishwa, na idhini hutaka ridhaa ya mwenye ardhi. Ridhaa hiyo hupatikana kwa nadra, au kwa ada. Benki haikopeshi kwa nyumba isiyo na hati. Ukiuza nyumba, wakala anataka ada ya kubadilisha jina kwenye daftari lake. Nyumba inabaki ya muda kwa lazima, halafu mwenye ardhi anasimama mahakamani na kusema vile vibanda ni vya muda tu.

Haya ndiyo yanayokwenda mrama, na namna ya kujikinga.

La kwanza ni risiti. Wakala huandika kwenye kitabu chake na kukurudishia kipande kisicho na nambari ya kiwanja. Dai risiti yenye tarehe, jina lako, nambari ya nyumba, nambari ya kiwanja, na mwezi unaolipiwa. Akikataa kuandika, lipa kwa simu na uhifadhi ujumbe, kisha uuchape. Simu hupotea na laini hufungwa. Risiti za baba na babu ziwekwe pamoja kwa mpangilio wa miaka. Mvua ya masika na mchwa ndio maadui wakubwa wa kesi za ardhi pwani, kwa hivyo nakala ziwe mbili, katika nyumba mbili.

La pili ni ujanja wa kukataa kodi. Mwenye ardhi akipata mnunuzi, wakala huanza kusema "subiri kwanza, tajiri amesafiri." Miezi sita ikipita unaambiwa umevunja masharti kwa kutolipa. Dawa yake ni kupeleka kodi kwa maandishi mwezi ule ule anaokataa: barua yenye kiasi, tarehe na shahidi, nakala ikibaki kwako. Ikiendelea, wakili aiombe mahakama iruhusu kodi iwekwe mahakamani. Mtu mmoja akifanya hivi anaonekana mkorofi. Nyumba thelathini zikifanya siku moja, mnunuzi anaanza kuuliza maswali.

La tatu ndilo linalowaumiza wengi, nalo ni kuchanganya njia mbili zisizopatana. Sheria ya Kenya ya ukomo wa madai inasema mwenye ardhi ya kibinafsi akikaa miaka 12 bila kumtoa mtu aliyeikalia bila ruhusa yake, waziwazi na mfululizo, hawezi tena kuidai, na mkaaji anaweza kuiomba mahakama imsajili. Watu husikia "miaka 12" tu. Neno zito pale ni "bila ruhusa". Anayelipa kodi ya ardhi ana ruhusa, na risiti zake ndizo ushahidi wa ruhusa hiyo. Akae miaka 80, saa ya sheria haijaanza kuhesabu. Kwa upande wa pili, skwota wa Kisauni au Kilifi ambaye hajawahi kuelewana na mwenye hati anaweza kuharibu dai lake kwa sahihi moja. Anaitwa kwenye kikao cha upatanishi, anaambiwa atie kidole kwenye karatasi inayosema anakiri shamba ni la fulani na anaomba muda wa kuhama. Ile karatasi huirudisha saa kwenye sifuri. Kwa hivyo kamati ijue kwanza ni kundi gani. Wanaolipa walinde upangaji wao kwa risiti. Wasiolipa wala kukiri wasitie sahihi kitu ambacho wakili wao hajakisoma.

Njia hiyo ya miaka 12 haifai kwa ardhi ya serikali, liwe shamba la shirika la umma au kiwanja cha kaunti. Kwa ardhi ya kibinafsi, hatua ni hizi. Fanya upekuzi rasmi ujue nambari na jina lililosajiliwa, maana ombi likifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi bila nakala iliyothibitishwa ya hati hiyo litatupwa nje. Tengeneza daftari la kaya: jina, mwaka wa kuingia, nani aliwatangulia, ukubwa wa sehemu. Mlete mpima ardhi aweke mipaka ya kila sehemu. Kesi nyingi huanguka hapa, kwa kuwa mahakama haiwezi kumpa mtu "sehemu ya shamba" isiyojulikana inaanzia wapi na inaishia wapi. Shamba likiuzwa katikati ya hiyo miaka, saa haisimami. Mnunuzi mpya hununua pamoja na tatizo. Na barua za vitisho peke yake haziisimamishi. Lazima mwenye hati afungue kesi au arudi kuishika ardhi yake kweli.

Ushahidi wa miaka ndipo mnazi unaporudi. Karatasi za kukaa skwota hana, lakini miti anayo. Kila jani la mnazi likianguka huacha kovu la duara kwenye shina, na mti uliokomaa hutoa kama jani moja kila mwezi. Afisa wa kilimo akisoma makovu na urefu anaweza kukadiria umri wa mti, na maelezo yake hupokewa mahakamani. Piga picha ya kila mti ukiwa na mtu amesimama kando yake, andika uko wapi kwa kipimo cha mahali (GPS) cha simu, chora kwenye ramani. Miembe mikubwa, visima vilivyochimbwa kwa mkono na makaburi vifanyiwe hivyo hivyo. Usingoje kesi ifike. Tingatinga huanza na miti.

Bandarini mambo yalikwenda njia hiyo hiyo, ila kwa mkato wa kushangaza. Kwa miongo mingi upakuaji wa meli ulifanywa na vibarua wa siku. Walisimama asubuhi langoni, serahangi, yaani msimamizi wa genge, akachagua watu wake, na mara nyingi akajichukulia chake. Waajiri walipenda mtindo huo kwa sababu siku isiyo na meli hawakulipa mtu. Lakini kibarua asiye na kazi ya kupoteza hakuwa na cha kuogopa. Mwaka 1939 mgomo ulianza kwa wafanyakazi wa idara ya ujenzi wa serikali kwa sababu ya nyumba, ukaenea hadi gatini. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli wa bandari, wa reli, wa hoteli, watumishi wa majumbani. Kwa siku 12 mji ulisimama. Walikutana kwenye uwanja wa mpira wa Majengo walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, Wakikuyu, Wajaluo, Wamijikenda na Waswahili wakiwa chini ya jua moja. Chege Kibachia, aliyeliongoza shirikisho la wafanyakazi Waafrika lililozaliwa humo, alikamatwa Agosti mwaka huo na kuhamishiwa Baringo kwa miaka kumi.

Ndipo serikali ilipogeuka kuwa mtetezi wa ajira ya kudumu. Vibarua wakaandikishwa, asiyetokea siku za kutosha akafutwa kwenye orodha, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 kibarua wa siku gatini alikuwa adimu. Mshahara ulipanda, hasa baada ya mgomo wa Machi 1955 ambao Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliupatanisha. Hatutaidharau faida hiyo; familia nyingi za Changamwe zilisomesha watoto kwa mshahara wa bandari. Lakini tuseme wazi kwamba kudumu kulitolewa kama kamba, kwa wachache, ili wasisimame tena uwanja mmoja na wale wengine. Makontena yalipokuja, magenge hayakuhitajika tena. Kreni moja na dereva wake huinua kwa dakika chache shehena ambayo genge lingebeba kwa siku, na kudumu kukaanza kurudishwa nyuma kupitia mawakala wa kukodisha wafanyakazi.

Reli mpya ya 2017 ilipofuatwa na amri ya kupeleka makontena moja kwa moja Nairobi, walioumia kwanza ni madereva wa malori, turniboi wao (utingo), makarani, mama ntilie wa Miritini na mafundi wa matairi. Maandamano yao yalisaidia. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitangaza amri hiyo kuwa kinyume cha katiba. Wakati ule ilikuwa rahisi kusema bara imeinyonga pwani. Tunaielewa hasira, na ubaguzi wa ugawaji wa ardhi baada ya uhuru ni kweli. Lakini aliyeng'oa mche wa mnazi mwaka 1910 hakutoka bara, na dereva aliyepoteza kazi Miritini mara nyingi alitoka huko. Siasa ya asili ya mtu humfichia mwenye hati uso wake.

Kwa kibarua wa leo kuna kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Ukifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi, au kazi ambayo haitarajiwi kumalizika ndani ya miezi mitatu, wewe si kibarua tena kisheria. Unastahili notisi, likizo na mshahara wa mwezi. Waajiri wanakijua kifungu hiki vizuri. Ndiyo maana hukusimamisha siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha wakakuita tena, au wakabadilisha jina la wakala anayekulipa ilhali mahali pa kazi na msimamizi ni wale wale. Andika kila siku kwenye daftari: saa ya kuingia, meli au ghala, jina la msimamizi, malipo. Piga picha pasi ya lango kabla hujairudisha. Omba taarifa yako ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kila baada ya miezi michache, uone ni nani anayechangia, au kama hakuna. Madai ya ajira hufa baada ya miaka mitatu, na watu hupoteza mwaka mzima wakisubiri ahadi ya msimamizi.

Ufuo tutaupitia haraka. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi yote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Hakuna hoteli inayoimiliki. Ugomvi uko kwenye njia ya kufika na kwenye mstari wa maji yenyewe. Pima wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo au mpevu, si wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo tu. Mombasa tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hukaribia mita nne, na mwenye ukuta atakuonyesha mstari wa maji mafu kila mara. Ule ukanda wa mita 60 juu ya maji makuu unaotajwa sana ni wa kanuni za upimaji, kwa ardhi ya serikali inapogawiwa upya. Ukiutumia dhidi ya hati ya zamani inayofika majini utashindwa. Ni bora kutafuta kwenye ramani ya upimaji barabara ya umma iliyofungwa, maana hizo zipo nyingi.

Linabaki swali la nini kifuate. Likoni kuna shamba la ekari 930 ambalo serikali ililinunua kwa shilingi bilioni 1.1, ikawapa wakazi hati mapema 2016, na kila mmoja akatakiwa kurejesha shilingi 182,000. Yaani waliolifanya shamba liwe mji waliuziwa thamani waliyoizalisha wenyewe. Na hati ya mtu mmoja mmoja ina hatari yake: mgonjwa akihitaji fedha za hospitali huuza, na baada ya muda mtaa unahama taratibu.

Jaribio linalostahili kutazamwa liko Voi, mtaa wa Tanzania-Bondeni, ulioanza katika miaka ya 1990. Wakazi walichagua ardhi ibaki mali ya pamoja chini ya amana yao, yaani chombo kinachoishika kwa niaba ya wote, na nyumba iwe ya aliyejenga. Ni nyumba bila ardhi vile vile, ila mwenye ardhi ni mtaa wenyewe, kwa hivyo hakuna wa kumkataza mtu ukuta wa jiwe. Mchakato wa kisheria ulikuwa mrefu, kwa sababu sheria zetu zimejengwa juu ya hati ya mtu mmoja. Kamati inayotaka kujaribu Majengo iandike mapema mambo manne kwenye katiba yake: chama cha wakazi ndicho cha kwanza kuuziwa nyumba inapouzwa, bei ni ya jengo peke yake, ikakadiriwa na fundi anayekubaliwa na pande zote mbili, mrithi ana haki ya kukaa, na mpangaji wa chumba awe na kura, la sivyo wenye nyumba watageuka mabwana wapya kabla ya mwaka kuisha.